Changamwe: soko la pamoja, gogo la kila mtu kivyake

Kamati nyingi zinazotaka kuanzisha kituo cha mafundi na wasanii huanzia kwenye jengo. Hutafutwa kiwanja, huchorwa ramani, ombi la ufadhili huandikwa, na siku ya uzinduzi mgeni rasmi hukata utepe. Baada ya miaka miwili ukumbi unakodishwa kwa harusi na mafundi wamerudi kufanyia kazi barazani kwao. Kwa yeyote mwenye mpango wa namna hiyo, ningemwelekeza kwanza Changamwe, Mombasa, kwa wachongaji wa vinyago wa ushirika unaojulikana kama Akamba Handicraft. Ushirika huo ulianza mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipopata uhuru, na katika siku zake za neema ulihesabu wanachama wapatao 3,000. Uliyapatia mambo ambayo vituo vingi huyakosea. Jambo moja uliliacha mikononi mwa kila mwanachama kivyake, na hilo ndilo lililokuja kuwasumbua wote.

Ufundi wenyewe ulirudi nyumbani kutoka vitani. Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu katika Machakos, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na huko akajifunza kuchonga mpingo kwa mafundi wa huko. Wapo wanaosema aliowafuata ni Wazaramo, wengine wanasema Wamakonde. Ubishi huo hautakwisha leo. Wakamba walikuwa tayari na mikono ya kazi. Vigoda vyao vilivyopambwa kwa waya vilikuwepo kabla ya mzungu yeyote kuvinunua. Alichokuja nacho Mutisya ni wazo la kuchonga kitu ambacho mchongaji mwenyewe hana haja nacho, kitu cha kumuuzia mgeni. Majirani walijifunza kwake, vijana wakajifunza kwa majirani, na kufikia miaka ya 1950 vinyago kutoka Ukambani vilikuwa vikiuzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo.

Waliohamia Mombasa walikaa Changamwe, upande wa bara, magharibi mwa kisiwa, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Bandari ya Kilindini iko karibu, na uwanja wa ndege pia uko karibu. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa sababu ya msitu. Mtu aliyetoka Wamunyu akasafiri mamia ya kilomita hadi Pwani alikuwa anafuata meli na watalii, na alichagua vizuri. Ni vyema kuliona hilo mapema, kwa sababu tunaposema "kituo cha jamii" tunafikiria kijiji, wazee chini ya mti na mafundi waliozaliwa hapo. Jamii ya Changamwe ilikuwa ya watu walioacha mashamba yao mbali, na kilichowakutanisha kila siku ni kazi. Walihitaji mahali pa kukaa na kuchonga bila kufukuzwa, mtu wa kuwauzia, na mtu wa kupeleka kontena bandarini bila kutoroka na pesa. Ushirika uliwapa hayo matatu.

Nambari chini ya kwato

Ukipindua kinyago kilichotoka kwenye rafu za duka la ushirika, utaona nambari chini, kwenye kwato za swala au kwenye kitako cha kigoda. Hiyo ni nambari ya mwanachama. Mteja hana habari nayo, na akiiona hudhani ni nambari ya bidhaa. Lakini kituo kizima kimesimama juu ya nambari hiyo.

Maana yake ni kwamba duka halinunui vinyago. Mchongaji huleta kazi yake, kazi hubaki mali yake hadi iuzwe, na ikiuzwa ushirika hukata sehemu yake na yeye hulipwa kinachobaki. Mpango huu unaonekana mdogo, lakini fikiria umeepusha nini. Kituo kinachonunua kazi za mafundi wake kinahitaji mtaji mkubwa siku ya kwanza. Halafu kinahitaji mtu wa kuamua kazi ya nani ni nzuri na ya nani si nzuri, na mtu huyo, hata awe mwadilifu namna gani, kufikia mwezi wa sita ana maadui. Halafu msimu mbaya ukija, kituo kinabaki na stoo iliyojaa twiga na akaunti isiyo na kitu. Changamwe hasara ya kinyago kisichouzika inakaa kwa aliyekichonga, naye ndiye mwenye uwezo wa kubadilisha anachochonga. Nambari pia inafanya lawama ziwe na mwenyewe. Mteja akirudisha tembo aliyepasuka, anayeitwa ofisini anajulikana.

Mpango huo una gharama zake, na anayeuiga azijue. Mchongaji anayengoja kinyago kiuzwe anangoja pia karo ya mtoto. Dalali akipita nje ya lango na pesa mkononi, bei yake ya nusu inaweza kuwa tamu kuliko bei kamili ya mwezi ujao. Kila ushirika wa namna hii hupigana na dalali, na mara nyingi hushindwa, kwa sababu dalali anauza kitu ambacho ushirika hauna, yaani pesa leo. Gharama ya pili ni ya ubunifu. Wachongaji hukaa karibu karibu kwenye vibanda, na kinachouzika kwa mmoja wiki hii kinachongwa na kumi wiki ijayo. Hakuna anayemiliki umbo la twiga. Wengi huishia kushika mnyama mmoja maisha yote, huyu kifaru, yule kiboko, na mkono unakuwa mwepesi kiasi kwamba jicho halihitajiki tena. Wapo wanaolaumu hilo wakisema ni kiwanda, si sanaa. Mimi silioni kosa. Mtu anayesomesha watoto wanne kwa viboko ana haki ya kuchonga viboko. Lakini kituo kinachotaka pia kazi mpya lazima kitenge rafu yake na pesa zake kwa ajili ya kazi hiyo, kwa sababu rafu ya nambari haitaileta yenyewe.

Upande wa ng'ambo, ushirika ulifanya kile ambacho mchongaji mmoja asingeweza kamwe. Mwagizaji wa Ulaya au Marekani anayetaka vinyago mia kadhaa vya kimo kimoja hawezi kuzunguka vibandani akiulizia. Anataka barua moja, bei moja, kontena moja na karatasi za forodha zilizonyooka. Oda ikifika hugawanywa kwa wachongaji, na hapo ndipo uongozi wa ushirika wowote hupimwa. Kanuni ya kugawa oda ikiwa kichwani mwa meneja, kituo kina ugonjwa hata kama meneja ni malaika. Ikiwa imebandikwa ukutani, wanachama watagombana na karatasi, na karatasi haina ndugu wa kupendelea.

Gogo lilikuwa shauri la nani?

Sasa tufike kwenye mti. Kwa miongo mingi wachongaji wa Pwani walipenda muhuhu, na mtu akiushika anaelewa kwa nini. Ni mti mzito, wenye harufu nzuri, mchwa hawautaki, na ukipigwa msasa hung'aa vizuri. Zaidi ya yote, unachongeka ukiwa mbichi bila kupasuka sana. Mchongaji ananunua gogo Jumatatu, analichonga Jumanne, anauza Ijumaa. Mpingo ulikuwa na heshima kubwa zaidi lakini ulizidi kuwa ghali na kuwa mbali.

Muhuhu hukua polepole mno. Mti wa kutoa gogo zuri la kuchongea unaweza kuwa umeishi karne nzima. Na haukui kila mahali. Arabuko-Sokoke, msitu wa kilomita za mraba 420 hivi katika Kilifi, ni mojawapo ya makao yake, na humo anaishi bundi mdogo wa Sokoke na sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, viumbe ambao karibu hawapatikani kwingine duniani. Serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti ya asili katika misitu yake mwaka 1986. Marufuku haikuzima hamu ya mteja wala njaa ya mchongaji. Gogo lilianza kusafiri usiku, likapanda bei, na sehemu ya biashara ikaelekea mpaka wa Tanzania. Kufikia miaka ya 1990 uchongaji nchini Kenya ulikuwa umeajiri makumi ya maelfu ya watu, na makadirio yaliyokuwa yakitajwa sana yalisema mauzo ya nje yalifikia dola milioni 20 hivi kwa mwaka na miti iliyokatwa ilizidi 50,000 kila mwaka. Mtu akitia hesabu hiyo kando ya mti unaohitaji karne, hahitaji mtaalamu wa kumweleza.

Hakuna aliyekuwa mjinga katika habari hii. Mchongaji alijua kwamba magogo yanakuwa membamba, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiyashika. Alijua pia kwamba akikataa gogo la leo, jirani atalichukua. Katika muundo wa kawaida wa ushirika wa mafundi, malighafi ni shauri la mwanachama mwenyewe. Ananunua kwa mwenye lori, kwa bei waliyopatana, na ushirika unaanza kumwona anapofika dukani na kinyago kilichokamilika. Kwa hiyo soko lilikuwa la pamoja na mti ulikuwa wa kila mtu kivyake. Watu 3,000 waliouza kwa sauti moja walinunua kwa sauti 3,000. Mwenye lori alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Wakati hilo linaendelea, jibu lilikuwa limesimama uani kwa watu. Mwarobaini uliletwa Pwani kutoka Bara Hindi na ukajifanya mwenyeji kabisa. Ndege na popo husambaza mbegu zake, nao huota kando ya nyumba, mashambani, kwenye uwanja wa shule. Wenyeji waliutumia kwa kivuli na dawa, na ukizidi waliukata wakachoma makaa. Ukifika umri wa miaka 15 hadi 20 unaweza kutoa gogo la kuchongea, na kiini chake kina wekundu mzuri unaofanana na mkangazi. Shirika la WWF, UNESCO na bustani ya Kew ya Uingereza, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya na taasisi ya utafiti wa misitu ya KEFRI, walikuja na kampeni ya kuwahimiza wachongaji wahamie kwenye miti ya mashambani: mwarobaini, mwembe, mjakaranda, mgrevilia. Wachongaji waliwasikiliza kwa adabu. Kisha walirudi kwenye muhuhu.

Kwa nini walirudi

Ukitaka kujua sababu, chukua kipande cha mwarobaini mbichi, ukichonge tembo leo, umweke juu ya meza. Maji hutoka kwenye mti kwa kasi zaidi kupitia ncha za gogo, pale nyuzi zilipokatwa, kuliko kupitia ubavuni. Ncha zinasinyaa kabla tumbo halijasinyaa. Baada ya siku chache kwenye paji la uso wa tembo panatokea mstari mwembamba kama unywele. Wiki ijayo mstari umeshuka hadi kwenye mkonga, na unaweza kuingiza ukucha. Mchongaji huujaza kwa nta au kwa unga wa msasa uliochanganywa na gundi, anapaka kiwi, ufa hauonekani. Tembo anapanda ndege, anawekwa katika sebule yenye hita huko Ujerumani wakati wa baridi, kwenye hewa kavu kuliko yoyote aliyowahi kuivuta, na ufa unafunguka upya. Mteja haandiki barua kulalamika, ila haagizi tena.

Mwembe na mjakaranda vina taabu nyingine, ya dumuzi, mdudu anayekula mti kutoka ndani. Kinyago kinaonekana kizima, halafu asubuhi moja pembeni mwake kuna vumbi laini kama unga wa ngano. Ndani ya kontena lililofungwa huongezeka kuvu, kwa sababu mti wenye maji ukifungiwa kwenye joto la bahari hufanya kile ambacho mkate hufanya ndani ya mfuko wa plastiki.

Kwa hiyo mchongaji aliyeambiwa "tumia mwarobaini" alikuwa anaambiwa kitu ambacho hakikusemwa waziwazi: nunua gogo leo, ulichonge baada ya miezi. Dawa ya ufa inajulikana na wala si ya ajabu. Unapaka ncha za gogo nta au rangi mara tu linapokatwa ili maji yatoke polepole. Unalipasua vipande vya ukubwa wa kazi unayotaka kufanya. Unavipanga kivulini kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Au unakichonga kinyago kijuujuu, unakiacha kinene, unakifunika kwa gunia au kwa takataka za tezo zenyewe, kisha baada ya wiki kadhaa unakimalizia. Mwenye tanuri ya kukaushia anafupisha muda. Kazi ya kwenda nchi za baridi inafaa ishuke hadi unyevu wa asilimia 12 au chini ya hapo, na kifaa cha kupimia ni kidogo kinachoshikwa mkononi. Dumuzi naye huzuiwa kwa kuchemsha au kuchovya mti kwenye maji yenye boraksi.

Ugumu ulikuwa ni nani wa kungoja. Mchongaji anayekula kwa kazi ya wiki hawezi kulaza pesa kwenye rundo la magogo kwa miezi mitatu. Hana kivuli cha kutosha kibandani, hana mlinzi wa usiku, na hana hakika kwamba oda ya mwezi wa nne itakuwepo. Na Mombasa haikumpa hakika hiyo. Agosti 1997 palizuka ghasia za Likoni. Mwaka uliofuata ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ilishambuliwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi iliwaka, na mwaka 2020 mahoteli yalifungwa kwa ajili ya korona. Kila tukio lilimaanisha mahoteli matupu na rafu zilizojaa. Katika mazingira hayo muhuhu mbichi, ingawa ghali na wa wasiwasi, ulikuwa mti wa busara kwa mtu mmoja mmoja. Ulirudisha pesa haraka.

Wataalamu wa kampeni walilijua suala la kukausha na walilifundisha. Sina ugomvi nao. Ila mara nyingi somo lilichukuliwa kama suala la ujuzi, kwamba mchongaji akishaelewa atabadilika. Mimi nalisoma kama suala la mtaji. Mtu anaweza kuelewa kabisa na asibadilike, kwa kuwa uelewa haumlipii gharama za kungoja.

Cheti

Katikati ya miaka ya 2000 jitihada hizo zilizaa jambo la kujivunia: vinyago vya mwarobaini vya Pwani ya Kenya vilivyopata cheti cha FSC, alama ya kimataifa inayosema mti umetoka mahali panapotunzwa. Mkulima mwenye miti thelathini hawezi kumlipa mkaguzi, kwa hiyo wakulima walikusanywa chini ya chama kimoja na cheti kikawa cha kundi. Chini ya cheti hicho mti lazima ufuatwe hatua kwa hatua: umekatwa shamba gani, gogo lina alama gani, limehifadhiwa mbali na magogo yasiyo na cheti, limechongwa na nani, limeingia sanduku lipi. Ushirika uliozoea nambari za wanachama ulikuwa na faida hapo, kwani ulishazoea kitu kutembea na jina la mwenyewe.

Cheti cha namna hii hudumu miaka mitano na hukaguliwa kila mwaka, na kila ukaguzi una ankara. Mnunuzi wa ng'ambo hupenda alama, lakini kupenda na kulipa zaidi ni mambo mawili. Kwa maoni yangu faida kubwa ya zoezi lile ilikuwa kando ya cheti chenyewe. Kwa mara ya kwanza kuna mtu aliyelazimika kuandika gogo limetoka wapi, na mkulima wa Kilifi au Kwale akajua kwamba shina la mwarobaini lina bei kuliko gunia la makaa. Pia wachongaji waligundua mambo ambayo kampeni haikuyapigia debe sana: mwarobaini ni laini kidogo kuliko muhuhu, kwa hiyo tezo haichakai upesi na siku moja inatoa kazi nyingi zaidi; tena ni mwepesi, na anayelipia mzigo wa ndege kwa kilo anajua thamani ya hilo.

Ilibaki kumfundisha mteja. Mtalii aliyefika Mombasa akiwa amesikia kuhusu mpingo huuliza kila kinyago kama ni mpingo, na kwa miaka mingi kiwi nyeusi ilimjibu ndiyo. Duka linalotaka mti wa shambani uuzike lazima liukubali kwa jina lake, na muuzaji aweze kusema kwa nini weupe ule wa ubavuni ni wa kawaida. Ni kazi ya mazungumzo, inachosha, na haionekani kwenye ripoti ya mfadhili yeyote.

Kama ungeanza leo

Tuseme una kundi la wachongaji 100 na unataka kuwajengea kituo. Tuseme pia kila mmoja anatumia shina moja kwa mwezi. Hiyo ni mashina 1,200 kwa mwaka. Kwa mti unaovunwa ukiwa na miaka 20, ili uvune bila kumaliza unahitaji miti 24,000 iliyosimama, ya umri mbalimbali. Ikipandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, hekta moja inabeba miti 1,100 hivi, kwa hiyo ni hekta 22, na uongeze kwa ajili ya itakayokufa na itakayopinda. Hakuna haja ya kununua shamba la hekta 22. Wakulima 200 wenye miti 120 kila mmoja kwenye mipaka ya mashamba yao wanatosha. Hesabu hiyo hiyo kwa mti wa miaka 100 inadai miti 120,000. Kundi lolote linaweza kufanya hesabu hii kwa alasiri moja, na inafaa ifanywe kabla ya kuchora ramani ya jengo. Kwa wafinyanzi weka udongo na kuni badala ya shina. Kwa wasusi weka ukindu.

Baada ya hesabu, kitu cha kwanza kujenga ningekiweka kuwa bohari ya magogo: paa pana, kuta za wavu, sakafu iliyoinuliwa, mzani, kipima unyevu, daftari. Bohari hiyo inafanya kazi ambayo fundi mmoja hawezi kuifanya kamwe, nayo ni kungoja. Duka linaweza kuwa meza mbili chini ya turubai kwa mwaka mzima bila mtu kufa. Mfadhili atapenda duka, kwa kuwa duka linapigwa picha vizuri. Ni vigumu kumpiga picha waziri akikata utepe mbele ya rundo la magogo yaliyopakwa rangi ncha, lakini ombi la fedha linaweza kuandikwa hivyo na watu wenye akili wataelewa.

Kisha kuna kanuni za bohari, na hapa ndipo vyama vingi vya mafundi huteleza. Kipande kikavu kitolewe kwa mwanachama kwa mkopo au kwa pesa taslimu? Mkopo unaokatwa kinyago kikiuzwa ni rahisi kuusimamia mahali penye nambari za wanachama, lakini uwe na kikomo, la sivyo bohari inageuka benki ya watu watano. Na bei gani? Kamati huona huruma ikatoa kipande kwa bei ile ile gogo lilivyonunuliwa. Tuseme gogo lilinunuliwa kwa shilingi 3,000, likakauka miezi minne, likapungua kwa vipande vilivyopasuka, na sasa gogo kama hilo ni shilingi 3,600. Likitolewa kwa 3,000, bohari imepoteza sehemu ya gogo lijalo, na baada ya misimu michache inabaki paa tu. Bei sahihi ni ile ya kununua gogo jipya, pamoja na hasara ya nyufa, pamoja na mlinzi. Wanachama watalalamika kwamba kwa mwenye lori ni nafuu. Ni kweli ni nafuu, lakini gogo la mwenye lori ni bichi.

Mkulima naye asiahidiwe soko kwa mdomo. Miaka 20 ni mirefu. Katikati yake kutakuwa na msiba, karo na mchoma makaa mwenye pesa mkononi. Anayetaka mti usimame hadi ufae kuchongwa amlipe mkulima kitu kidogo kila mwaka kwa kila shina lililosajiliwa na kupimwa unene, kisha amalizie bei siku ya kukata. Malipo hayo yaandikwe katika bajeti ya kituo kama yanavyoandikwa malipo ya umeme, na yatoke kwenye sehemu ile ile ambayo ushirika hukata kinyago kinapouzwa.

Swali ambalo mkutano mkuu wa kwanza utaulizwa ni kwa nini mchongaji mzee, ambaye mti wa miaka 20 hatauchonga yeye, akatwe pesa kwa ajili yake. Ni swali la haki na lisijibiwe kwa hotuba. Njia moja ni kumpunguzia makato yule aliyechangia kwa muda mrefu, au kumruhusu mwanachama anayestaafu kumwachia mwanawe nafasi yake kwenye foleni ya bohari. Njia nyingine ni kuanza na miti ambayo tayari imesimama, kwa kuwa mwarobaini wa Pwani haukungoja kituo ndipo uote. Makato ya miaka ya mwanzo yalipie mashina yenye umri wa miaka kumi yasichomwe makaa, na mzee atauona mti huo ukifika chini ya tezo yake mwenyewe. Ningeanza na njia hii ya pili.